Kipimo cha Uzi

Daktari wa Mnazi Mmoja kaiegesha picha kwenye taa:
ubongo wa bibi yangu, mweupe na kijivu,
kama bulibuli iliyolala majini usiku kucha.
"Hapa," kasema, kidole juu ya doa,
"hapa ndipo yalipokuwa majina."

Nikalitazama. Si kubwa kuliko kiua kimoja,
kile kitundu Bi Ruzuna hukitoboa kwa sindano
akakizungushia uzi mara kumi na nne, asizidishe, asipunguze.
Miaka arobaini na miwili kashona kofia Kikwajuni,
akiwapima watu kwa uzi wenye fundo:
masheha, wachuuzi wa pweza, bwana harusi anayetokwa jasho.
Na tangu mie mdogo namshikia taa, akisema:
"Nimepima vichwa maelfu, mwanangu.
Sijaona hata kimoja mwenyewe akaenea ndani."

Leo ananiita Dada. Jana aliniita Zuhura, ambaye ni marehemu.
Juzi alinitukana tusi nisilojua kama analijua,
yeye aliyekuwa akisema ulimi mkali ni moshi wa kuni:
humliza kwanza anayepika.
Hilo ndilo lililonitoa machozi, si majina.
Majina ni ya kichwa, haya, nimekubali.
Upole je? Nao ulikaa kwenye doa?
Miaka yote ile ya kusamehe madeni,
ya kufunga siku kumi na tisa peke yake, mwezi wa Machi,
huku mandazi ya jirani yananukia dirishani,
yote hukatika tu, kama fyuzi imeungua?

Mwalimu Vuai akaja, kama ajavyo kila mwezi wao mpya.
Wabahai wa mtaani petu ni watu saba na birika la tangawizi.
Nikamuuliza. Hakukimbilia kitabu.
Akakitungua kioo ukutani, akatoka nacho uani,
akanitupia jua usoni.
Kisha akakipaka majivu.
"Jua limekwenda wapi?"
"Lipo."
"Basi."
"Rahisi kwako, Mwalimu," nikamwambia. "Si wewe uliyetukanwa."
Akacheka, akakifuta kioo kwa ncha ya kikoi.
Hakikutakata chote.

"Kuna na hili," akasema, akitazama birika kwa haya.
"Huyo uliyembeba, mwezi wa sita huu, anaota macho.
Macho ya nini? Humo hamna cha kuona.
Anaota miguu, na hamna njia.
Ungemuuliza, angekwambia anahangaika bure.
Na huo upole wa bibi yako ni kiungo cha namna hiyo.
Hapa alikuwa akikikuza tu.
Hakitapotea ati kwa kuwa nyumba imechoka."
Sikuamini, sikukataa.
Nilikuwa na njaa, na mtoto alipiga teke.

Adhuhuri Bi Ruzuna hunawa mikono na uso.
Sala ile fupi ya mchana imembakia nusu;
nusu ya pili huimaliza kwa midomo mitupu,
kaelekea kaskazini,
wala sijui inasikika wapi.

Kisha huvuta uzi. Hunizungushia kichwani, hufunga fundo,
husahau, hunipima tena.
Nimeziweka nyuzi zote kwenye kopo la maziwa;
hazipishani hata unywele.

Jana hakunipima kichwa.
Alikaa mbele yangu mkekani, akafunga duara hewani,
dogo, kiasi cha danzi,
akaliweka juu ya tumbo langu, akalisogeza kushoto kidogo,
palepale mkunga alipogusa Jumatatu.
"Huyu nani?" nikamuuliza, mjinga mie, namjaribu.
"Simjui jina," kasema. "Bado hajafika."
Akaukata uzi kwa meno.